“Looking forward to hearing from you”: dalili za makosa, yanatoka wapi na unayatengenezaje

Hii sentensi inafunga karibu kila barua ya kuomba kazi, kila imeili ya kuomba nafasi ya field, kila kotesheni inayoenda kwa mteja, na ndo hiyo hiyo inayokosewa sana. Wanaopokea imeili za ofisi wameshazizoea: “looking forward to hear from you”, “am looking foward for your positive response”, “hope to hearing from you soonest”. Mtu kaandika ukurasa mzima msafi, kaeleza uzoefu wake vizuri, halafu mstari wa mwisho unamwangusha, na inauma kwa sababu kosa lenyewe ni dogo na linatengenezeka ndani ya dakika chache ukishajua linatokea wapi.

Nimepanga kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, na kila mahali sababu inayotajwa kwanza ndo inayotokea sana, zinazofuata ni za nadra zaidi, kwahiyo usirukie kuandika barua upya kabla hujafanya ukaguzi mwepesi. Na sentensi sahihi tuiweke hapa juu uwe na cha kulinganishia:

I look forward to hearing from you.

Maneno saba na nukta mwisho. Ukiwa na haraka kopi hiyo, pesti, tuma. Ila ukitaka usirudie kosa kwenye sentensi nyingine ambazo hazifanani na hii, endelea kusoma.

Dalili ya 1: umeandika “to hear” badala ya “to hearing”

Hili ndo linaongoza, na nitakaa nalo muda mrefu kidogo maana ukilielewa umemaliza zaidi ya nusu ya matatizo yote yaliyobaki.

Sababu kubwa ni Kiswahili chetu. Sisi tuna ku-, na ku- inafanya kazi mbili. Ukisema “nataka kusikia” hapo ni tendo. Ukisema “kusikia kwake kumepungua” hapo kusikia kumeshakuwa jina la kitu, na kuna mpaka upatanisho wake. Umbo halibadiliki hata herufi moja. Mwingereza kayatenganisha, tendo analiita “to hear” na jina la hilo tendo analiita “hearing”, sasa wewe kichwani una “natarajia kusikia kutoka kwako”, mkono unaandika “to hear” bila hata kufikiri, na juu yake shuleni tulikaririshwa kwamba baada ya “to” kitenzi kinakaa kitupu, hakiongezwi kitu.

Kile tulichokaririshwa ni kweli nusu. “To” ziko mbili. Kuna “to” ya kitenzi, ile ya “I want to hear”, “I hope to hear”, “I would like to hear”. Halafu kuna “to” ya kihusishi, ile ya “I am going to Moshi” au “I gave it to my sister”, hii baada yake inataka mtu, mahali au kitu. “Look forward to” inatumia hii ya pili. Ndo maana unaweza kuandika “I look forward to the interview” na sentensi ikaisha vizuri bila kitenzi chochote pale mwisho, na ukitaka kuweka kitenzi lazima kwanza ukiongezee -ing ili kikae kama jina.

Ukaguzi mwepesi: futa kila kitu kilicho baada ya “to” uweke “it”. “I look forward to it.” Imekaa vizuri, kwahiyo kitenzi kikija hapo kinachukua -ing. Sasa jaribu “I hope to it”. Haikai kabisa, kwahiyo hapo kitenzi kinabaki kitupu, “I hope to hear”. Hili jaribio linachukua sekunde chache na halihitaji intaneti, fanya kila ukiwa na wasiwasi.

Na uzuri wake haliishii kwenye sentensi hii. Angalia CV yako, nina uhakika kuna mahali umeandika “I am used to work under pressure”. Weka “it”: “I am used to it”. Imekaa, kwahiyo sahihi ni “I am used to working under pressure”. Ila “I used to work in Arusha” iko sawa hivyo hivyo, maana “I used to it” haipo, na maana yenyewe ni nyingine kabisa: ya kwanza inasema umeshazoea, ya pili inasema zamani ulikuwa unafanya na sasa hufanyi. Yaani mtu akiandika “I used to work under pressure” anamwambia mwajiri kwamba siku hizi presha haiwezi. Wengine wa ukoo huo: “committed to delivering”, “dedicated to serving”, “in addition to teaching”, “with a view to improving”, “I object to paying”. Zote “it” inaingia, zote zinachukua -ing.

Sababu ya pili: barua sio yako. Umeichukua kwa rafiki, rafiki kaichukua kwa mtu aliyepata kazi miaka ya nyuma, mmebadilisha majina na tarehe tu, na kosa linasafiri nayo. Hapa kutengeneza barua moja hakusaidii. Fungua faili mama, lile unalokopi kila mara, rekebisha humo, halafu futa matoleo mengine yote kwenye simu na kwenye flash, maana siku una haraka utafungua la zamani.

Sababu ya tatu ni simu imekukariri. Kibodi za simu zinajifunza unavyoandika, ukishaandika “looking forward to hear” mara nyingi inaanza kukupendekezea yenyewe na wewe unagusa tu. Kwenye Gboard, bonyeza lile neno lililopendekezwa juu ya kibodi bila kuachia, itatokea alama ya kopo la taka, liburute uliachie humo. Kwenye iPhone huwezi kufuta moja moja kirahisi, unaingia Settings, General, Transfer or Reset iPhone, Reset, halafu Reset Keyboard Dictionary. Ujue hiyo inafuta kila neno ambalo kibodi imejifunza kwako, pamoja na majina ya watu wako na Kiswahili ulichokifundisha, kwahiyo ifanye kama imeshakuwa kero kweli.

Dalili ya 2: sasa umeweka -ing kila mahali

“I hope to hearing from you.” “I would like to meeting you.” “I am ready to starting immediately.” Hii inampata mtu aliyerekebishwa dalili ya kwanza ila hakuambiwa sababu, akaambiwa tu “weka -ing baada ya to”.

Tiba ni ile ile, “it”. “I hope to it”, hapana. “I would like to it”, hapana. “I am ready to it”, hapana. Zote tatu kitenzi kinabaki kitupu.

Kuna ndugu yake ambaye ni adimu kidogo, “looking forward to be hearing from you” au “to being hearing”. Hapo mwandishi kahisi kuna kitu kinatakiwa katikati akaongeza “be”. Futa hiyo “be”. Inabaki pale tu unapotendewa kitu: “I look forward to being considered for the post”, “I look forward to being invited”. Wewe hapo hufanyi, unafanyiwa, ndo “being” inaingia kihalali.

Dalili ya 3: “Am looking forward”, “Iam looking”, “I am look forward”

Kwanza “Am” bila “I”. Hii imejaa huku kwetu Tanzania na Kenya pia, na inatokana na sikio. Mtu akisema “I'm” haraka unasikia “am”, unaandika ulichosikia. Halafu Kiswahili kinaficha mtenda ndani ya kitenzi, “natarajia” ni neno moja na ndani yake kuna mimi, hatujazoea kumwandika pembeni kama neno la peke yake. Kiingereza hakimwachi mtenda nje ya sentensi kirahisi hivyo. “Am” ikianza sentensi ya kawaida, anayesoma anategemea swali, kama “Am I late?”

Ukaguzi: tafuta kila sentensi kwenye barua inayoanza na “Am”. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na F uandike Am, itakuonyesha na “am” ndogo pia, wewe angalia zile zenye A kubwa tu. Kila inayoanza sentensi na sio swali, weka “I” kabla yake na A iwe ndogo. Usiandike “Iam” kwa kubananisha, na “I'm” ibakize kwa marafiki na wafanyakazi wenzako, kwenye barua rasmi andika “I am” kwa kirefu.

“I am look forward” ni mchanganyiko wa sentensi mbili ambazo kila moja peke yake iko sawa. Chagua upande. “I look forward to hearing from you” ni ya barua rasmi, kazi, ofisi ya serikali, mtu usiyemjua. “I am looking forward to hearing from you” ina uchangamfu zaidi, inafaa kwa mteja mliyezoeana au mtu mliyeshaonana naye. Zote sahihi. Mimi kwa barua ya kazi naiamini ya kwanza, ni fupi na haina pa kukosea “am”.

Na ile “Looking forward to hearing from you.” isiyo na “I” kabisa? Kwenye imeili za kila siku haina shida, watu wenye Kiingereza chao wanaitumia. Kwenye barua rasmi weka “I”, au “We” kama unaandika kwa niaba ya kampuni au kikundi. Wengi wameitoa kwenye ule mtindo wa zamani wa “Looking forward to hearing from you, I remain, Yours faithfully”, ambapo ile ya mwanzo ilikuwa kipande tu kinachosubiri “I remain” ije iikamilishe. Siku hizi “I remain” imedondoka, kipande kikabaki kinaning'inia. Ukiona barua yako ina “Looking forward…” halafu koma halafu jina lako, ndo hilo limetokea. Weka “I look”, weka nukta.

Tukiwa hapo hapo chini ya barua: kwa mtindo wa Kiingereza cha Uingereza, ambao ndo tunafundishwa, ukianza na “Dear Sir or Madam” unamaliza na “Yours faithfully”, ukianza na jina la mtu, mfano “Dear Ms Mushi”, unamaliza na “Yours sincerely”. Herufi kubwa ni Y peke yake. “Yours Faithful” na “Your's” zote ni makosa, na zinaonekana haraka maana ziko peke yake kwenye mstari.

Dalili ya 4: hakuna mstari mwekundu lakini bado kuna kosa

Kompyuta inapiga mstari mwekundu chini ya neno lisilokuwepo kwenye kamusi. “Foward” itaikamata, “forwad” itaikamata. Tatizo ni maneno yaliyopo kweli ila yamekaa pasipo pake, hayo rangi nyekundu haiyaoni na ndo yanayopita mpaka kwa mwajiri.

Linalopita zaidi ya yote ni “form” mahali pa “from”. “I look forward to hearing form you.” Soma tena polepole. Vidole vimepishana tu, herufi zote zipo, jicho linaona linachotegemea kuona. La pili ni “here” mahali pa “hear”, “looking forward to here from you”, hili linatoka kwenye sikio kwa sababu yanatamkwa sawa, “here” ni hapa na “hear” ni kusikia, na kukumbuka ni rahisi, ndani ya “hear” kuna “ear”, sikio. La tatu ni “your” mahali pa “you”, vidole vimezidisha herufi. La nadra ni “foreword”, ambayo ni ule utangulizi wa mwanzo wa kitabu, haina uhusiano na barua yako.

Ukaguzi: soma ule mstari kutoka mwisho kwenda mwanzo, neno moja moja. You. From. Hearing. To. Forward. Look. I. Ukisoma kinyume maana inapotea na jicho linalazimika kuangalia herufi. Njia nyingine, badilisha fonti au ukubwa wa maandishi kabla ya kusoma mara ya mwisho, kosa lililokuwa limejificha linatokeza.

Word na Gmail zina pia ukaguzi wa sarufi, na Grammarly ipo, wakati mwingine zinakamata hata “to hear”. Zitumie, ila usizikabidhi barua. Kuna siku zinanyamaza na kuna siku zinakupendekezea kitu ambacho sio ulichomaanisha. Kitu kimoja cha kucheki: lugha ya faili iwe imewekwa Kiingereza, maana ikiwa kwenye lugha nyingine utapata mistari myekundu barua nzima au usipate hata mmoja.

Dalili ya 5: “look forward for”, “look forward that”, au “to” imepotea kabisa

“I look forward for your response” imetoka kwa majirani wawili, “wait for” na “hope for”. Ubongo unajua maana inakaribiana na kungoja na kutumaini, unaazima kihusishi cha kule. Badilisha “for” iwe “to” na umemaliza: “I look forward to your response”.

“I look forward hearing from you” ni Kiswahili tena, “natarajia jibu lako” haina kitu katikati, kwahiyo “to” inaonekana kama ziada. Irudishe.

“I look forward that you will come” nayo ni “natarajia kwamba utakuja” imehamishwa nzima nzima. “Look forward” haipokei “that”. Andika “I look forward to seeing you”, au kama ni lazima umtaje mtu anayefanya, “I look forward to you joining us”. Kuna wanaosema lazima iwe “your joining us”. Zote zinakubalika, ya “your” ni rasmi zaidi, usipoteze usingizi.

Dalili ya 6: sarufi iko sawa, lakini anayesoma anakwazika

Hapa hakuna kifaa kitakachokusaidia, ni kujua tu maneno yanabeba nini.

“I look forward to your positive response.” Kisarufi haina kosa hata moja na huku kwetu imezoeleka mno, mwalimu anafundisha, barua za ofisi zinaandika. Ila kwa msomaji asiye wa huku inasikika kama umeshamwamulia jibu. Ukiandika kwa shirika la nje au kuomba skolashipu, toa “positive”. Anajua unataka jibu zuri, hakuna anayeandika akiomba akataliwe.

“I expect to hear from you.” Hii inatokea kwa sababu kamusi nyingi zinaitafsiri “tarajia” kwa “expect”. Kwa Kiingereza “expect” kwenye barua ya mwombaji inakuwa kama amri, ni lugha ya bosi kwa mtu wa chini yake. Ukiwa unaomba, tumia “look forward to” au “hope to”.

“Soonest” na “kindly revert”. Huku kwetu na India watu wanaelewana, “revert” maana yake nijibu. Uingereza na Marekani wengi “revert” kwao ni kurudi kwenye hali ya zamani, anaweza kusimama pale akajiuliza unataka arudi wapi. Andika “reply”. Na “soonest” weka “soon”, au bora zaidi taja siku. “Your esteemed organisation” na “your good office” nazo ziache kwa barua za hapa nyumbani ambako zinasomwa kama heshima, nje zinaonekana zimetiwa chumvi.

Kubwa kuliko yote ni hili, na naomba ulishike. “Look forward to” inabeba furaha ndani yake. Sio kusubiri tu, ni kusubiri kwa hamu. Kwa hiyo ukituma taarifa ya msiba kwenye grupu la ofisi kwa Kiingereza, usiandike “we look forward to the burial on Saturday”, umeandika kwamba mnayangoja mazishi kwa shauku. Andika “The burial will be on Saturday”. Hivyo hivyo kwa ugonjwa, kufukuzwa kazi, kesi, operesheni ya mtu. Familia iliyofiwa ikisoma ile sentensi haitakuuliza ulimaanisha nini, itaumia tu.

Dalili ya 7: sentensi safi, na bado hujibiwi

Mara nyingi kosa haliko kwenye ule mstari, liko juu yake. Umemaliza na “I look forward to hearing from you” lakini kwenye imeili nzima hujauliza kitu, hujaomba kitu, mtu kasoma akafunga. Rudi juu uangalie: kuna sentensi inayosema unataka afanye nini? Kama haipo iandike, “Could you please confirm the price by Friday?”, halafu ndo ufunge. Pia angalia kama kiambatanisho ulichosema umekiatachi kipo kweli, na jina la faili liwe la mtu mzima, sio “cv mpya final 3”.

Matengenezo kamili, mfano mmoja

Chukua mwisho huu wa barua, ni mchanganyiko wa yote yanayotumwa kila siku:

“Am looking foward to hear form you soonest and hope my application will be considered to your esteemed organisation. Thanks in advance. Yours Faithful,”

Usijaribu kutengeneza zote kwa mpigo. Pita mara ya kwanza ukitafuta mtenda: “Am” inakuwa “I”. Mara ya pili kitenzi: “looking” bila “am” haisimami na “I”, inakuwa “look”, na “to hear” tunaipima na “it”, inakuwa “to hearing”. Ya tatu herufi: “foward” na “form”. Ya nne sauti: “soonest” toka, “esteemed organisation” toka, na “Thanks in advance” nayo mimi naitoa, kwenye barua ya kazi inamshukuru mtu kwa kitu ambacho hajakubali bado. Ile ya “hope my application will be considered” tunaibadilisha iwe ombi la wazi la usaili. Mwisho saini. Unabaki na:

“I would welcome the chance to discuss my application at an interview. I look forward to hearing from you. Yours faithfully,”

Imepungua, na hakuna kilichopotea. Kaa nayo usiku mmoja kama tarehe ya mwisho inaruhusu, isome asubuhi kwa sauti, ndo uitume.

Acha kutengeneza peke yako kama…

Umepita barua nzima na kila aya ina makosa matatu manne. Hapo sentensi moja haitakuokoa, na ukiendelea kubandika vipande vya mtandaoni barua itaongea kwa sauti tano tofauti. Mpe mtu anayejua, mwalimu wa Kiingereza, mhariri, mtu aliyekutangulia kazini, na ukae naye uone anabadilisha nini. Ila anayekuambia lipa hela nikuandikie barua na kazi unapata, huyo mkimbie, hakuna barua inayotoa dhamana hiyo.

Kabla hujampelekea mtu, soma tangazo upya. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hapa Tanzania yamekuwa yakiruhusu barua iliyosainiwa iandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Kama Kiswahili kimeruhusiwa na ndicho unachokimudu, andika Kiswahili kizuri. Barua safi ya Kiswahili inakutetea kuliko Kiingereza kinachochechemea.

Kama ni cheti cha kuzaliwa, cha ndoa au hukumu inayotakiwa ubalozini kwa Kiingereza, usitafsiri mwenyewe hata kama unaweza. Wanataka tafsiri yenye mhuri. Tanzania nenda BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, kutafsiri na kuthibitisha tafsiri ni kazi yao.

Na kama barua unayoijibu ni ya wakili wa upande wa pili, notisi ya deni, barua ya kuachishwa kazi, mkataba wa kusaini, simama hapo hapo. Usijibu kwa adabu ya kawaida eti “I look forward to settling this matter”, maana neno “settle” kwenye mgogoro wa hela linaweza kusomwa kama umekubali unadaiwa. Usijibu hata kwa WhatsApp. Ipige picha kurasa zote pamoja na bahasha yenye tarehe, ipeleke kwa wakili au chama chako cha wafanyakazi, na mpaka wamekuambia cha kuandika usimtumie yule mtu ujumbe wowote.